Mpeleke Shoga Yako Bagamoyo

Wadogo zangu, wengi mnanilalamikia kwamba shoga mliyecheza naye rede na kombolela siku hizi mnakutana naye msibani au kwenye kichenpati tu. Huko kuna sare na michango, maongezi hakuna. Basi tengeni siku moja ya katikati ya wiki, bila watoto, mwende Bagamoyo. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi. Suala la pesa limalizeni kabla ya kutoka: nani analipa nauli na viingilio, nani anabeba chakula. Mwenye nacho asimuaibishe mwenzake mlangoni.

Anzeni Kaole, kusini kidogo ya mji, jua halijawa kali. Kuna magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu ambazo zamani zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China. Mwongozaji mlipeni vizuri, mwacheni amalize maneno yake. Kwenye kaburi la mwanamke aitwaye Sharifa watu huja kuomba dua mpaka leo, kwa hiyo jistirini kwa kanga na simu zikae kwenye pochi.

Kisha nendeni misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868. Mapadri waliwapa makazi hapo watumwa waliokombolewa. Hapo pia ulilazwa mwili wa mmisionari Livingstone mwaka 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka bara. Mimi ni Muislamu, shoga yangu Mkristo. Pilau ya Idi na ya Krismasi tumekula pamoja tangu utotoni, lakini Kaole ndiko alikoniuliza kwa mara ya kwanza huwa naomba nini ninaposali. Misheni nikamuuliza yeye. Alinijibu kwa kirefu, tukakaa kwenye kivuli cha mbuyu mpaka njaa ikatuinua.

Maongezi kama hayo ndiyo ninayowatakia. Mkishafika soko la samaki mkaagiza pweza, muulize shoga yako kuhusu lile jambo analolikwepa: ndoa, mkopo, mama anayeumwa. Akianza kusema, usikimbilie kumshauri. Msikilize.

Msichelewe gari la kurudi. Na kabla hamjaagana stendi, pangeni tarehe nyingine. Kunduchi nako kuna magofu, na nauli yake ni ndogo.