Tuujue mhina kabla ya kupaka hina



Ndugu zangu wanafunzi, sikukuu zikikaribia na harusi zikifuatana, hina hupakwa katika kila bweni la akina dada. Ni jambo zuri na la asili yetu. Lakini mimi ninayesoma famasia mwaka wa tatu nimeona kwamba wengi wetu tunaijua hina tangu utotoni bila kuujua mti inakotoka, na kwa kutoujua mti tunauziwa sumu kwa jina lake. Basi katika somo hili tutazame mambo manne: mti wenyewe, namna unavyotoa rangi, mafunzo ya dini kuhusu hina, na hatari ya kile kinachoitwa “hina nyeusi”.

1. Mti wenyewe

Mhina kwa jina la kitaalamu ni Lawsonia inermis. Jina hilo lilitolewa na mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, mwaka 1753. Neno inermis ni la Kilatini, na maana yake ni “usio na silaha”, yaani usio na miiba. Hata hivyo, ukiushika mhina mkongwe bila hadhari utachomwa. Mche mchanga kweli hauna miiba, ila mti unapozeeka vijitawi vyake vya pembeni huwa vigumu na ncha zake hugeuka miiba mikali. Kwa hiyo jina ni la kweli kwa mche na si la kweli kwa mzee.

Mhina ni kichaka au mti mdogo wa mita 2 hadi 6. Majani yake ni madogo, laini, na hukaa mawili mawili yakielekeana kwenye tawi. Maua ni madogo sana, yana petali nne, rangi yake nyeupe, manjano hafifu au nyekundu ya kufifia, nayo hukaa kwa mashada. Harufu yake ni tamu na hufika mbali, hasa jioni. Kwa Kiarabu ua hilo lina jina lake, faghiya, na tangu zamani limetumika kutengeneza manukato. Tunda ni kijidude cha mviringo kama punje ya pilipili manga, ndani kimejaa mbegu ndogo ndogo. Mhina uko peke yake katika jenasi yake, na katika ukoo wake mkubwa, Lythraceae, yumo pia mkomamanga.

Mti huu hupenda jua kali na huvumilia ukame. Hulimwa sana India, Pakistan, Sudan, Yemen na nchi za kaskazini ya Afrika. Kwetu hapa, joto la kando ya Ziwa Tanganyika linaufaa kuliko baridi ya milimani.

2. Rangi inatoka wapi?

Ukilitafuna jani bichi la mhina huoni wekundu wowote. Rangi imefungwa ndani ya jani, imeshikamana na sukari. Jani likisagwa na kuchanganywa na maji yenye uchachu kidogo, kifungo hicho hukatika, na kikikutana na hewa hutokea kemikali iitwayo lawsoni. Ndiyo maana bibi zetu walitia ndimu na kuuacha mchanganyiko usiku kucha. Hawakusoma kemia, lakini walichofanya ni kemia sahihi.

Lawsoni hushikana na protini iitwayo keratini, iliyomo katika ngozi ya juu, kucha na nywele. Viganja na nyayo hukolea zaidi kwa sababu ngozi yake ni nene na ina keratini nyingi. Unapobandua hina, rangi huwa ya machungwa. Baada ya siku moja au mbili hukolea ikawa nyekundu ya kahawia. Kisha ngozi ya juu inapojibandua kidogo kidogo, rangi hupotea ndani ya wiki moja hadi tatu.

Shika kanuni hii, maana tutaihitaji mbele: hina ya kweli haiwi nyeusi kama wino, na haikolei kwa dakika kumi.

3. Dini imeitajaje?

Hina imetajwa katika hadithi kadhaa. Katika Sunan ya Tirmidhi imepokewa kutoka kwa Salma, mtumishi wa Mtume (s.a.w.), kwamba Mtume alipopata kidonda au kuchomwa na mwiba alimwagiza aweke hina juu yake. Imepokewa pia kwa Abu Dharr (r.a.) kwamba hina na katam ni miongoni mwa vitu bora vya kubadilishia mvi, na katika Sahih mbili imo habari kwamba Abu Bakr (r.a.) alitumia hivyo viwili. Vilevile katika Sahih Muslim, siku ya ufunguzi wa Makka, aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, nywele na ndevu zake zikiwa nyeupe kabisa. Mtume (s.a.w.) akaagiza zibadilishwe rangi, ila nyeusi iepukwe. Wanazuoni wametofautiana juu ya uzito wa katazo hilo. Wapo wanaosema ni haramu na wapo wanaosema ni makuruhu.

Katika udhu, rangi ya hina haizuii maji, kwa kuwa ni rangi tu. Kinachozuia ni hina yenyewe iliyoganda juu ya ngozi; hiyo lazima iondolewe kwanza.

4. “Hina nyeusi” si hina

Sasa tumefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka jana dada mmoja tunayesoma naye alipambwa kwa ajili ya harusi ya nduguye. Aliambiwa ni hina nyeusi, ikakaa nusu saa tu, ikatoka nyeusi tii. Siku ya pili mikono ilimwasha. Siku ya tatu yale maua yote yalivimba yakawa malengelenge, kila ua na kila jani la mchoro likaonekana kwa uvimbe. Alikosa mitihani miwili kwa kushindwa kushika kalamu. Alama za mchoro bado ziko mikononi mwake.

Kilichomdhuru ni kemikali ya kiwandani iitwayo parafenilini-diamini, kwa kifupi PPD. Hiyo ndiyo inayotia weusi katika dawa nyingi za kupaka nywele, na watu wa pwani wanaijua zaidi kwa jina la piko. Sheria za Umoja wa Ulaya zinairuhusu katika rangi za nywele tu, isizidi asilimia 2 inapopakwa, na haziiruhusu kuchorea ngozi. Huku kwetu huchanganywa kwa kukisia, kisha hupakwa juu ya ngozi na kuachwa ikauke.

Wengine husema: “Mimi nimepaka mara tatu na sikudhurika.” Ndugu yangu, hiyo si hoja. Mzio wa PPD huweza kujengeka kimya kimya. Mara ya kwanza mwili huitambua tu, hauonyeshi kitu. Mara ya pili au ya tatu kinga ya mwili imekwisha jipanga, ndipo hushambulia. Na mzio ukishaingia, kwa kawaida hautoki maisha yako yote. Aliyeupata anaweza kudhurika tena kwa rangi ya nywele, kwa baadhi ya rangi za nguo, na hata kwa baadhi ya dawa za ganzi.

PPD ikimezwa ni sumu kali. Huvimbisha koo na kuharibu misuli na figo, na hospitali za Sudan zimepokea wagonjwa wengi wa aina hiyo. Usiiweke nyumbani mahali watoto wanapofika.

5. Hata hina safi ina mipaka

Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Hali hii huwapata zaidi wanaume, na imeenea katika nchi zenye malaria, zetu zikiwemo. Kwao lawsoni inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa ngozi yao ni nyepesi na dawa hupita upesi. Madaktari wa nchi za Ghuba wameandika habari za vichanga walioingia manjano na kupungukiwa damu baada ya kupakwa hina mwili. Basi kumpamba mtoto wa siku arobaini si mapenzi. Tumsubiri akue.

6. Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kukunjua mkono, muulize anayepaka maswali matatu: Imetiwa nini? Itakaa muda gani? Itatoka rangi gani? Akisema ni siri, au nusu saa, au nyeusi, shukuru na uondoke.

Pili, tutengeneze yetu. Majani yakaushwe kivulini, yatwangwe, yachekechwe kwa kitambaa chepesi, yakorogwe kwa maji ya uvuguvugu na ndimu, yaachwe saa kadhaa. Kisha hina ikae mkononi saa nne au zaidi.

Tatu, tupande. Kipande cha tawi hushika kikimwagiliwa vizuri mwanzoni, na mti hukatwa majani kila mwaka kwa miaka mingi.

Na kwa dada aliyekwisha paka ile nyeusi na ngozi ikaanza kuwasha: osha mara moja, usipasue malengelenge, nenda hospitali, na umwambie daktari ukweli wa ulichopaka.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutojidhuru na kutodhuru wengine. Mwenye mkono wa kupaka na mwenye mkono wa kupakwa, wote wawili wanaguswa na fundisho hilo.

Wabillahi tawfiq.