Mkopo Unaosamehewa: Mbona Usiitwe Zawadi?



Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya Marekani iliwapa wafanyabiashara wadogo fedha kwa mpango ulioitwa Paycheck Protection Program. Fedha zilipitia benki. Aliyezitumia kulipa mishahara zaidi, na sehemu kwa kodi ya pango, aliomba akasamehewa. Aliyezitumia kwingine alitakiwa kulipa, pamoja na riba ya asilimia 1. Basi mbona ziliitwa mkopo?

Kifiqhi jibu liko karibu. Hiba ikishapokelewa ni mali ya aliyepewa; katika madhehebu yetu ya Shafi mtoaji hairudii, ila mzazi kwa mwanawe. Qardh hubaki shingoni mpaka ilipwe, au mwenye haki atamke ibraa, yaani msamaha. Jina "mkopo" ndilo lililoshika sharti la mishahara.

Kwetu Kasese tunachanganya mambo haya. Mwaka 2021, wakati wa kufungiwa, familia zenye shida mijini zilitumiwa shilingi 100,000 kwa simu. Ile ilikuwa hiba. Lakini milioni 1 ya PDM, mpango wa parishi ulioanza 2022, hurudi kwenye SACCO ya parishi ili jirani naye akope. Mama mmoja wa Bwera, muuza samaki, aliniuliza: "Mwanangu, muda umepita na hakuna aliyekuja kudai. Si wamesamehe?"

Hapana, mama. Wanazuoni wetu hawamhesabii aliyenyamaza kuwa amesema. Ibraa hutoka kwa mwenye haki, na hapa haki ni ya parishi nzima, pamoja na wanaongoja zamu. Hata mwenyekiti hawezi kuisamehe kwa niaba yao. Aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayosifu kusamehe, inasema na mdai. Mdaiwa mwenye dhiki ana haki ya kupewa muda, lakini kujisamehe mwenyewe hana.

Kuna pia ile asilimia 6 kwa mwaka. Ziada iliyoshurutishwa juu ya qardh ni riba, hata ikiitwa pesa za maendeleo, na mimi naona asiyechukua bado asiingie kwa sharti hilo. Aliyekwisha kuchukua atubu kwa riba, lakini toba haifuti rasilimali. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mwenye deni, akawaambia maswahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile.

Mama yule akauliza kama anaweza kuanza na 50,000. Nikamwambia aende nazo SACCO, na asitoke bila risiti.