KIKOMBE CHA MAJI BARABARANI
Somo la afya kutoka kwa wenye kujitolea katika marathoni ya Chicago



Sisi Watanzania tunawajua wakimbiaji wetu. Wazee wanamkumbuka Juma Ikangaa aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Vijana wanamjua Alphonce Simbu aliyetwaa medali ya dhahabu ya dunia huko Tokyo mwaka 2025. Picha zao tumeziona magazetini. Lakini pembeni mwa barabara waliyopita walikuwapo watu wengine ambao hakuna anayewapiga picha: aliyenyoosha mkono na kikombe cha maji, aliyesimama njia panda na bendera kuzuia magari, na muuguzi aliyekaa hemani akisubiri wa kuanguka.

Mwezi huu tutajifunza kazi za watu hao wanaojitolea bila malipo. Tutachukua mfano wa mashindano makubwa ya mji wa Chicago, Marekani. Hatulengi kuwatuma wasomaji wetu Chicago. Parokia zetu nazo hukusanya watu wengi juani, katika hija, maandamano ya Ekaristi, matembezi ya hisani na michezo ya vijana, na mambo yanayomwangusha mkimbiaji wa Chicago ndiyo hayo hayo yanayomwangusha mwanakwaya wetu.

1. MBIO ZENYEWE

Marathoni ya Chicago ilianza mwaka 1977. Hufanyika kila mwaka mwezi Oktoba, siku ya Jumapili. Wakimbiaji huanzia na kumalizia katika bustani kubwa ya Grant Park, karibu na ziwa, baada ya kuzunguka mitaa ya mji kwa kilometa 42 na mita 195. Mwaka 2024 waliomaliza walizidi 50,000. Wengi wao si mabingwa. Ni walimu, makarani, akina mama wa nyumbani na wazee waliostaafu, na wapo wanaotumia saa tano au sita njiani.

Kuwahudumia watu hao wote wanatakiwa wenye kujitolea zaidi ya 10,000. Hawa nao wanatoka makazini, mashuleni, katika vyama na makanisa. Kila mmoja hupewa kazi moja, mahali pamoja, na kiongozi mmoja wa kumsikiliza. Asiyejua kazi yake huwa mzigo kwa wenzake.

2. KAZI ZA WENYE KUJITOLEA

Kazi ni nyingi, lakini tunaweza kuzigawa katika makundi matano.

(a) Kupokea wakimbiaji kabla ya siku. Hawa hugawa namba za kuvaa kifuani. Nyuma ya namba pana nafasi ya mkimbiaji kuandika nani aitwe akipatwa na jambo, na ugonjwa alio nao, kama kisukari au pumu. Maandishi hayo machache huweza kumwokoa mtu asiyeweza kusema.

(b) Kugawa maji. Njiani zipo meza za huduma zipatazo 20. Kwanza hutolewa kinywaji chenye sukari na chumvi, kisha maji matupu, na utaratibu huo haubadilishwi ili mkimbiaji ajue anachopokea. Mgawaji hunawa mikono na kuvaa glavu, haingizi vidole kikombeni, na hutaja kwa sauti alichokishika. Baada ya kupokewa kikombe kimoja huchukua kingine na kurudi mahali pake pasipo kukatiza njia.

(c) Kulinda njia. Hawa husimama kwenye kona na njia panda. Wanaonyesha uelekeo, wanazuia watazamaji wasiingie barabarani, na wanatoa taarifa. Mara nyingi mlinzi wa njia ndiye wa kwanza kumwona anayeyumba. Kazi yake ni kujua yuko mtaa gani na kuwaita wa tiba haraka, huku akibaki na mgonjwa.

(d) Kupokea wanaomaliza. Mtu aliyekimbia saa nne akisimama ghafla huweza kuzimia, kwa sababu misuli ya miguu iliyokuwa ikisukuma damu kurudi moyoni imeacha kazi. Basi wapokeaji humhimiza aendelee kutembea polepole, humvika blanketi jepesi asipatwe na baridi, na kumpa cha kula. Akizimia, hulazwa chali na miguu huinuliwa. Wengi hupata nafuu baada ya dakika chache. Asiyepata nafuu hupelekwa hemani.

(e) Hema la tiba. Humo wapo madaktari, wauguzi na wenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Wengi wao nao wamejitolea. Tuwakumbuke hapa wenzao wa Boston. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia. Watu watatu waliuawa na zaidi ya 260 walijeruhiwa. Hema lililotayarishwa kwa ajili ya malengelenge na mkakamao wa misuli likawa hospitali ya majeruhi, na waliojitolea kufunga vidonda vidogo wakazuia damu za waliokatika miguu. Majeruhi wote waliofikishwa hospitalini wakiwa hai walipona.

3. SIKU YA JOTO, MWAKA 2007

Tarehe 7 Oktoba 2007 Chicago ilipata joto lisilo la kawaida kwa mwezi huo, karibu nyuzi 31 za Selsiasi, pamoja na unyevu mwingi hewani. Kwetu Dar es Salaam au Tanga joto hilo si geni. Lakini watu wale walikuwa wamekwisha kuzoea hali ya baridi, na mwili usiozoea joto hautoi jasho ipasavyo.

Wakimbiaji walianza kuanguka. Wengi walilalamika kuwa katika meza za mwanzo hawakupata maji. Waandaaji walieleza kuwa maji yalikuwepo, ila kila mtu alichukua vikombe kadhaa, kimoja cha kunywa na vingine vya kujimwagia kichwani, wagawaji wakashindwa kujaza kwa kasi hiyo. Wenyeji wa mitaa walitoka majumbani na maji yao wakasaidia. Baada ya saa tatu na nusu hivi uamuzi ulitolewa: mbio zisimamishwe. Maelfu waliambiwa waache kukimbia na watembee. Watu wengi walipelekwa hospitalini. Mwanamume mmoja alifariki, na uchunguzi ulionyesha kuwa alikuwa na kasoro moyoni.

Tunajifunza nini? Kwanza, maji kuwepo stoo hakutoshi, lazima yamfikie mwenye kiu. Pili, kiongozi awe na moyo wa kusimamisha shughuli hata kama watu watanung'unika. Siku hizi Chicago hutumia rangi nne kutangaza hali: kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari, na nyeusi ni kusimamisha mbio.

4. HATARI TATU ZA KUZITAMBUA

Joto kupita kiasi. Mtu amechoka, anatoka jasho, kichwa kinamuuma, lakini anajibu maswali vizuri. Huyu apelekwe kivulini, apunguziwe nguo, apewe kinywaji. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kugombana ovyo, kuyumba au kupoteza fahamu, na mwili unawaka, hiyo ni hatari ya kifo. Joto la mwili limepita nyuzi 40 na ubongo unaathirika. Usidanganywe na jasho, maana mkimbiaji huweza kuwa katika hali hii na bado analowa. Mpozeni hapo hapo wakati gari la wagonjwa linaitwa. Mtumbukizeni katika maji ya barafu hadi kifuani, mkimshikilia kichwa. Kama hakuna barafu, mmwagieni maji mengi mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Nusu saa ya kwanza ndiyo ya kuokoa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, atapaliwa.

Maji kupita kiasi. Wengi watashangaa hapa, kwa kuwa tumezoea kusema maji hayadhuru. Mtu anayekwenda polepole kwa saa nyingi na kunywa kila mezani bila kiu huweza kuzimua chumvi ya damu yake. Ubongo huvimba. Anapata kichefuchefu, kichwa kinauma, anachanganyikiwa, kisha degedege. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta 13 katika kila 100 chumvi imepungua. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliomaliza wakiwa na uzito kuliko walivyoanza. Kwa hiyo mgawaji wa maji asimlazimishe mtu. Anywe kadiri ya kiu. Na aliyechanganyikiwa huku tumbo limejaa maji asiongezwe maji, bali apelekwe kwa daktari.

Moyo kusimama. Mtu anaanguka ghafla, haitiki, hapumui au anavuta pumzi kwa kukoroma mara moja moja. Usipoteze muda kumwagia maji. Mlaze chali mahali pagumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, nyoosha mikono, kandamiza kwa nguvu hadi kifua kishuke sentimeta 5 au zaidi kidogo, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwingine aite msaada na kuleta mashine ya kushtua moyo kwa umeme ikiwepo. Mkichoka, pokezaneni.

Je, juhudi hizo zinafaa kitu? Tazameni hesabu hii ya marathoni na nusu marathoni za Marekani. Kati ya mwaka 2000 na 2010 moyo ulisimama kwa wakimbiaji 59, na 42 walifariki, yaani 71 katika kila 100. Kati ya 2010 na 2023 moyo ulisimama kwa wakimbiaji 176, na waliofariki ni 59, yaani 34 katika kila 100. Ukilinganisha na idadi ya wakimbiaji, tatizo lenyewe halikupungua. Kilichopungua ni vifo, na watafiti wanaona kuwa sababu kubwa ni watu wa kando ya njia kujua kukandamiza kifua, na mashine kuwa karibu. Waliopona wengi waliokolewa na mtu aliyekuwa amesimama jirani, kabla daktari hajafika.

5. AFYA YA MWENYE KUJITOLEA

Anayehudumia naye ni mwili. Ale kabla ya kutoka, avae kofia na viatu vya kufungwa, anywe maji, na apokewe zamu baada ya saa chache. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu wapewe kazi ya kukaa kivulini. Mtoto asiwekwe njia panda. Anayegusa damu avae glavu. Na anayejisikia vibaya aseme, kwani kunyamaza hapo hakumsaidii mgonjwa wala yeye mwenyewe.

6. PAROKIANI KWETU

Sasa turudi nyumbani. Marathoni zinafanyika pia kwetu, kama ile ya Kilimanjaro mjini Moshi iliyoanza mwaka 2003. Lakini hata parokia isiyo na mbio ina hija na sherehe za somo wa parokia. Waumini husimama juani kwa saa tatu, wengi wamefunga tangu usiku. Akianguka mmoja, watu thelathini humzunguka na kumziba hewa, na kila mmoja ana shauri lake.

Tunashauri halmashauri ya walei ipange hivi. Vijana wa VIWAWA walinde njia, wakiwa na filimbi na vitambaa vya rangi. WAWATA wasimamie maji safi na vivuli vya wazee na wajawazito. UWAKA watafute machela na gari moja litakaloegeshwa kuelekea njia ya kutokea, dereva asiondoke. Wauguzi na waganga waliomo parokiani waombwe kwa jina, na mwezi mmoja kabla wafundishe watu kumi kukandamiza kifua. Namba ya simu ya hospitali ya karibu iandikwe kwa maandishi makubwa. Na ajulikane mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusema, "Tusimame hapa, jua ni kali."

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 10 aya ya 42, Bwana wetu anazungumzia kikombe cha maji. Hakudharau huduma ndogo. Nasi tusiidharau. Ila tujifunze kuitoa vizuri, kwa mikono safi, kwa wakati wake, na kwa mtu anayeihitaji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika sherehe iliyopita ya parokia yetu, nani alianguka au kuugua? Alisaidiwaje?
2. Katika Jumuiya yetu ni nani anayejua kukandamiza kifua? Tutajifunza kwa nani, na lini?
3. Eleza tofauti ya mtu aliyechoka kwa jua na yule aliye hatarini kufa kwa joto.
4. Kwa nini si vema kumlazimisha mtu anywe maji mengi?
5. Kila mmoja wetu achague kazi moja atakayoifanya katika hija ijayo, na jina lake liandikwe.