Darsa la Ramadhani, Siku ya 12: Kakuambia nani?

 

Juzi baada ya Tarawehe mzee wetu mmoja wa safu ya mbele alinivuta pembeni akanisikilizisha sauti kwenye simu yake. Mtu anayejiita daktari anasema mwenye sukari akifunga siku saba, akinywa maji ya mlonge wakati wa daku, haitaji dawa tena. Mzee alikuwa na siku ya nne hajameza dawa. Nikamuuliza, "Kakuambia nani, baba?" Akajibu, "Si iko kwenye simu, sheikh."

Asubuhi mwanawe akampeleka kliniki, sukari imepanda vibaya. Alhamdulillah yupo, na dawa kazirudia. Daktari kamwambia asifunge kwa sasa, na ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Suratul Baqara. (Linalomuuma mzee ni kula mchana, si sukari. Hilo tutaliongea siku nyingine.)

Lile jibu lake halijanitoka. Mzee huyu huyu, tukisoma hadithi darsani, ndiye wa kwanza kuuliza: kaipokea nani, kutoka kwa nani? Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat, inayotuamrisha kuchunguza habari kabla ya kudhuru watu, anaijua kwa moyo. Elimu ya isnadi anayo. Ila hakuna aliyemwonyesha kwamba na kwenye simu inafanya kazi.

Na jambo hili halikuanza na bando. Mwaka 1908, enzi za Wajerumani, barua iliyodaiwa kutoka Makka ilionekana Lindi, ikanakiliwa kwa mkono, ikaenea miji ya pwani hadi bara: ndoto ya Sheikh Ahmad, mtunza kaburi la Mtume (s.a.w.), kwamba Kiyama kimekaribia. Serikali ilihaha. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia aliandika kuukanusha wasia wa Sheikh Ahmad, na bado huwa natumiwa, tena na watu wenye ndevu zao! Pamoja na ile ya "atakayekuwa wa kwanza kutoa habari ya Ramadhani ameharamishiwa Moto", ambayo haina asili.

Sasa kijana, kaa na mzee wako. Kwanza ongeza ukubwa wa maandishi kwenye simu yake. Wengi tunawadhania hawaelewi, kumbe hawaoni. Kisha mwonyeshe vimishale viwili juu ya ujumbe wa WhatsApp. Maana yake umeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kumfikia. Mwambie kwa lugha yake: wapokezi hawajulikani. Ataelewa haraka kuliko wewe.

Halafu mfundishe kutafuta. Kuandika kunamchosha, basi abonyeze alama ya maikrofoni ya Google aseme kwa Kiswahili: "dawa za sukari na mfungo, Wizara ya Afya." Yakija majibu, asikimbilie la juu, maana mengine ni matangazo yaliyolipiwa. Atazame anwani: inayoishia na .go.tz ni ya serikali yetu. Atazame na tarehe, kwa sababu kila mwaka tangazo la mwezi la mwaka uliopita hurudi likagombanisha watu na futari zao. Na kwenye ugonjwa, hata akikuta jibu zuri namna gani, dawa haachi mpaka amuulize daktari anayemtibu.

Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" asiujibu. Autume kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli.

Nawaomba kitu kimoja vijana, msimnyang'anye simu. "Lete nikufanyie" ni wema wa dakika moja. Kesho uko kazini, yeye yuko peke yake na sauti za madaktari wasiojulikana. Acha kidole chake kikosee mara tano. Alikufundisha alifu kwa kijiti, hakukunyang'anya ubao.

Jumamosi baada ya Alasiri tutakaa barazani msikitini, kina mama upande wao na ustadhati wao. Kila kijana aje na mzee mmoja, simu iwe na chaji, miwani msisahau. Yule mzee wetu kakubali kuja na ile sauti yake, tuanze kuichambua hiyo.