PANYA BUKU KATIKA BUSTANI YA NYUMBANI

Je, umepata kuingia bustanini asubuhi ukakuta shina la muhogo limelala chini na mizizi yake imetafunwa? Wakulima wengi wa Mbagala, wilayani Temeke, na wa Bunju, wilayani Kinondoni, wanaifahamu hasara hiyo. Mara nyingi aliyeifanya ni panya buku.

Umbo na maisha yake

Panya buku ni mkubwa kuliko panya wa nyumbani. Mzima huweza kuwa na uzito wa kilo 1 au zaidi. Mkia wake ni mrefu, na sehemu ya mwisho ni nyeupe. Ndani ya mashavu yake mna vifuko viwili. Hujaza chakula humo, kisha hukipeleka shimoni na kukiweka akiba. Kwa hiyo huchukua chakula kingi kuliko anachokula kwa usiku mmoja.

Mnyama huyu hulala mchana na hutembea usiku. Macho yake hayaoni vizuri, lakini pua yake ni kali. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alifanya kazi hiyo nchini Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Ikiwa panya buku aweza kunusa bomu lililo chini ya udongo, hatashindwa kunusa ganda la papai lililotupwa uani kwenu.

Madhara yake

Panya buku hula muhogo, viazi vitamu, mahindi na matunda. Tena, mkojo wa panya na wa wanyama wengine huweza kueneza homa ya mgunda. Mwaka 2022 ugonjwa huo ulizuka mkoani Lindi, ukaua watu watatu.

Namna ya kumzuia

Kila mnyama huenda mahali anapopata chakula na makazi. Tukiviondoa vitu hivyo viwili, panya buku atakwenda kwingine. Fanyeni hivi nyumbani:

1. Fukieni takataka za jikoni katika shimo lenye kina, au zitieni katika pipa lenye kifuniko.
2. Okoteni matunda yaliyoanguka kabla ya jua kutua. Msiache pumba za kuku bandani usiku.
3. Fyekeni vichaka vilivyo karibu na bustani. Ondoeni marundo ya makuti, mbao na matofali.
4. Zungusheni wavu wa waya bustanini, na ufukieni chini kiasi cha sentimita 30, kwa kuwa panya buku ni mchimbaji hodari.
5. Vuneni mihogo iliyokomaa mapema.

Msitumie sumu ovyo. Mtoto mdogo aweza kuiokota na kuila. Pia paka au bundi akila panya aliyekufa kwa sumu, naye huweza kufa. Bundi ni rafiki wa mkulima, maana hula panya kila usiku.

Jambo la kufanya

Tafuta shimo la mnyama karibu na bustani, ukifuatana na mtu mzima. Jioni, ziba mlango wa shimo kwa majani makavu. Rudi asubuhi, utazame. Majani yakiwa yamesukumwa, shimo lina mwenyewe. Usitie mkono shimoni kamwe, kwa sababu nyoka pia hukaa humo. Nawa mikono kwa sabuni umalizapo.

Maswali

1. Vifuko vya mashavu humsaidiaje panya buku?
2. Kwa nini panya buku hutegemea pua kuliko macho?
3. Jirani yako ameua panya buku mmoja, lakini jaa lake li wazi bado. Je, tatizo lake limekwisha? Eleza.
4. Taja vitu vitatu vilivyomo uani kwenu viwezavyo kumvuta panya buku. Utaviondoaje?