Bwana Sousa na Dola 35

Muhula huu nilisoma habari za John Philip Sousa, mtunzi wa Marekani aliyepewa jina la Mfalme wa Gwaride. Nimeona yafaa niziandike, kwa kuwa zina fundisho kwetu wanafunzi.

Sousa alizaliwa Washington tarehe 6 Novemba, 1854. Baba yake alipiga tromboni katika bendi ya jeshi la Marini, ambayo ndiyo humpigia Rais wa nchi ile. Sousa alipokuwa na miaka 13 aliazimu kutoroka nyumbani afuatane na bendi ya sarakasi. Baba alipopata habari alimwandikisha katika bendi yake mwenyewe ajifunze kazi. Mwaka 1880 kijana yule akawa kiongozi wa bendi ile ile.

Mwaka 1889 gazeti la Washington Post lilishindanisha watoto wa shule katika kuandika insha. Sousa aliombwa atunge muziki wa kupigwa siku ya zawadi. Muziki huo wa gwaride, ulioitwa kwa jina la gazeti, ukaenea Marekani na Ulaya, watu wakauchezea dansi. Lakini mtunzi alikuwa amemwuzia mchapishaji kwa dola 35 tu. Faida yote iliyofuata haikuwa yake. Wazee husema, mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichuma juani, kivulini akala mwingine.

Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1892, alipoanzisha bendi yake mwenyewe, alifanya mkataba wa kupata sehemu ya bei ya kila nakala. Kisha zikaja santuri, na watengenezaji hawakuwalipa watunzi kitu. Mwaka 1906 Sousa alisimama mbele ya kamati ya Bunge kuwatetea. Sheria ya mwaka 1909 ikaamuru mtunzi alipwe senti 2 kwa kila santuri. Mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kulinda haki za watunzi. Alifariki mwaka 1932, ameacha muziki wa gwaride zaidi ya 130.

Nami nina la kuungama. Muhula uliopita niliimba katika tamasha letu wimbo uliotungwa na mwenzangu wa Kidato cha Tatu. Nilishangiliwa sana, wala sikumtaja. Niliposoma habari za dola 35 niliona haya, nikamwendea kumwomba radhi. Basi wenzangu, kutunga ni kazi kama kulima. Tusivune shamba la mtu bila hata kumtaja mwenyewe.