Mandhari kwa Nukta: Mwachie Mtazamaji Achanganye Rangi

Ukiusogelea mchoro wa Georges Seurat wa kisiwa cha La Grande Jatte, alioufanyia kazi tangu 1884 hadi 1886 na ambao sasa uko Chicago, huoni nyasi. Unaona nukta za kijani, manjano, chungwa na buluu. Rudi nyuma hatua kadhaa, na ukingo wa mto Seine unajitokeza ukiwaka jua. Rangi zimechanganyika jichoni mwako.

Hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza. Shuleni tulifundishwa kuwa manjano na buluu huzaa kijani. Ni kweli, ukizikoroga. Lakini nukta za rangi hizo mbili zikikaa bega kwa bega, kwa mbali huelekea kijivu. Ukitaka nyasi, weka kijani chenyewe, kisha ukichangamshe kwa manjano penye jua na buluu penye kivuli.

Turubai. Anza na dogo, la sentimita 20 kwa 25, kubwa litakuchosha. Chagua mandhari nyepesi: anga, kilima, shamba.

Msingi. Paka maeneo makuu kwa rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini, dirisha likiwa wazi. Acha pakauke kabisa.

Nukta. Tumia rangi nzito kama siagi na brashi ndogo ya mviringo, kila rangi na brashi yake. Gusa, inua, usiburute. Tawanya rangi moja turubai zima ukiacha nafasi, kisha ifuate nyingine. Rangi ya mafuta hukawia kukauka, na nukta mbichi ikigusana na mbichi mwenziwe hugeuka tope. Kwa hiyo kati ya awamu na awamu pumzika siku kadhaa.

Kivuli. Sahau nyeusi. Jua likiwa la manjano, kivuli kipe zambarau na buluu, ukidondoshea chungwa kidogo ili kisipoe mno.

Umbali. Kilima cha mbali kipe nukta ndogo, zilizofifishwa kwa nyeupe na buluu. Shamba la mbele lipate nukta kubwa zenye joto.

Kila baada ya dakika kumi, weka brashi chini, urudi nyuma mita tatu. Pakionekana pamepwaya, ongeza rangi iliyokosekana. Pakionekana pamefifia kwa msongamano, usiongeze kitu: kwangua nukta zilizozidi kwa kisu zikiwa bado mbichi, uuone tena msingi.